MTAA WA KAMALONDO

Mji wa Lubumbashi ulianza mwaka 1910. Wakati wa Wabelgiji, watu weusi walikatazwa kujenga kati ya Wazungu. Walipewa mtaa wa pekee, ulioitwa Albert. Leo unaitwa Kamalondo.

Mgeni ataona nini huko? Ataona uwanja wa mpira wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011. Siku ya mchezo watu huvaa nyeupe na nyeusi. Alama yao ni mamba mwenye mpira kinywani. Ngoma zinalia, na mgeni naye huimba pamoja na wenyeji.

Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri wa shirika la Mtakatifu Benedikto, kwa ajili ya vijana. Ilikuwa timu ndogo. Lakini mwaka 2010 ilifika fainali ya vilabu vya dunia. Ilishindwa na Inter ya Italia, ila hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika huko mbele yake.

Zamani watu walitengwa Kamalondo; leo mji wote unakimbilia Kamalondo. Basi, mtoto, usidharau mtaa wako.

Maulizo
1. Kamalondo iliitwaje zamani?
2. Nani walianzisha timu?
3. Wewe utamwonyesha mgeni nini katika mtaa wenu?