TAHADHARI KABLA YA ATHARI: KUNUNUA MASHINE KUUKUU YA GEMU

Wahenga walisema rahisi ghali. Mimi nilidhani hayo ni maneno ya kupamba insha tu, hadi likizo ya Disemba iliyopita yaliponifika mwenyewe.

Kaka yangu hufanya kazi ya mjengo. Alikuwa na akiba ya shilingi elfu nane, nami nikaongeza elfu moja niliyopata kwa kuuza mayai. Nia yetu ilikuwa kufungua kibanda cha gemu mtaani ili faida isaidie karo yangu. Tukanunua mashine iliyokwisha kutumika. Ilikuwa inang'aa kama mpya. Muuzaji aliiwasha dakika mbili, picha ikatokea, tukalipa. Siku ya kumi na moja, watoto wakiwa wamejazana kibandani, ilinguruma kama kinu cha unga, ikazima. Haijawaka tena hadi leo.

Fundi alipoifungua, nilipata somo. Ndani ya mashine mna chipu, kibamba kidogo kinachofanya hesabu zote za mchezo. Chipu ikifanya kazi huchemka. Juu yake kuna chuma kinachonyonya joto, na feni hulisukuma joto hilo nje. Kati ya chipu na chuma hupakwa dawa laini mfano wa dawa ya meno, ili joto lipite vyema. Miaka ikipita, dawa hiyo hukauka na vumbi huziba matundu. Joto hukosa pa kutokea.

Kuna jambo la pili. Tulifundishwa Fizikia katika Kidato cha Kwanza kwamba kitu kikipata joto hutanuka, na kikipoa hunywea. Chipu hushikiliwa na vitone vidogo sana vya lehemu. Mashine ikiwashwa na kuzimwa mara nyingi, vitone hivyo huvutwa huku na huku hadi vikapasuka.

Haya si masihara. Mwaka 2005 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Xbox 360. Nyingi ziliharibika kwa sababu ya joto, zikaonyesha taa tatu nyekundu. Julai 2007 kampuni hiyo iliongeza dhamana ya hitilafu hiyo hadi miaka mitatu, ikatenga zaidi ya dola bilioni 1. Toleo dogo la Juni 2010 lilikuwa na chipu isiyochemka sana. Kwa hivyo mashine mbili zenye jina moja huenda zisiwe sawa. Yetu haikuwa ya aina hiyo, lakini kisa ni kilekile.

Basi ukitaka kununua, fanya hivi:

1. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kibandiko.
2. Icheze saa nzima, tena gemu nzito, kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, nenda zako.
3. Weka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa. Lazima upepo utoke. Kukiwa na moto bila upepo, feni imechoka.
4. Uliza kama imewahi kufunguliwa. Wengine huichoma chipu kwa hewa moto, mashine ikawaka siku chache, wakaiuza upesi.
5. Nyumbani iweke juu ya meza, si juu ya blanketi wala ndani ya kabati, na uipanguse vumbi.

Kaka hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, si wewe ndiye unayesoma Fizikia? Mbona hukusema?" Swali hilo liliniuma kuliko zile pesa. Alfajiri iliyofuata alirudi mjengoni, nami nikarudi kwa kuku wangu.

Wenzangu, tusiyaache masomo darasani kengele ikilia. Majuto ni mjukuu, na mwenye macho haambiwi tazama.

Mwanachama, Kidato cha Tatu