Kabla ya Kuisifu au Kuilaumu Shule
Mwongozo kwa wazazi na kamati za shule

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora. Hata hivyo, matokeo ya darasa la saba yakitoka, bado tunazipanga shule wenyewe mitaani na vijijini. Wastani au asilimia ya ufaulu pekee inaweza kumwonea mwalimu na kumpotosha mzazi. Uliza haya kwanza.

1. Watahiniwa walikuwa wangapi?
Kwenye watahiniwa 10, mtoto mmoja tu zaidi akianguka, ufaulu unashuka kutoka asilimia 80 hadi 70. Kwenye watahiniwa 100, unashuka hadi 79.

2. Je, ni bahati tu?
Chukua sarafu ya shilingi 200, uirushe mara 10. Upande wenye picha ya Karume ukitokea, mtahiniwa amefaulu. Upande wa simba ukitokea, amefeli. Hiyo ni shule moja. Rudia hadi upate shule 100. Zote zina nafasi sawa, lakini takriban 5 zitapata ufaulu wa asilimia 80 au zaidi, na nyingine kama 5 zitaambulia asilimia 20 au chini.

Watakwimu hufanya jaribio la aina hii kwa kompyuta. Huchanganya alama za watahiniwa wote wa wilaya, huzigawa upya shuleni kwa kubahatisha, na kurudia mara maelfu. Tofauti halisi kati ya shule ikizidi karibu zote zilizotokana na kubahatisha, ni vigumu kuiita bahati. Hapo ndipo sababu itafutwe.

3. Watoto walianzia wapi?
Sababu inaweza kuwa nje ya darasa. Mwaka 1966 ripoti ya mwanasosholojia James Coleman nchini Marekani ilionyesha kuwa hali ya nyumbani ilihusiana zaidi na alama kuliko vifaa vya shule. Kwa hiyo, linganisha watoto waliokuwa na alama sawa katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Shule iliyopokea watoto wa D na kuwafikisha C imefanya kazi kubwa, hata kama jirani yake ina A nyingi.

4. Nani hakufanya mtihani?
Kwenye kikao cha shule, omba matokeo ya miaka mitatu pamoja na idadi ya walioandikishwa na waliofanya mtihani. Wastani uliopanda kwa sababu watoto wanyonge wameacha shule si wa kupongezwa. Tafuteni watoto hao kwanza.