Daftari la Mgonjwa na Amana za Watu



Ndugu zangu katika imani, tumefundishwa kumtembelea mgonjwa na kumwombea dua. Leo nataka tuangalie jambo tusilolizungumzia sana: maandishi na vitu ambavyo Muislamu awe navyo karibu maradhi yanapokuwa makubwa.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Na katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) anamhimiza mwenye kitu cha kuusia asipitishe siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Hakusema asubiri mpaka augue. Usiku wa Hijra, mwaka 622, Makuraishi wakiwa wamepanga kumuua, alimwacha Ali (r.a.) Makka azirudishe amana kwa wenyewe. Ikiwa hatari ile haikuifuta amana, ugonjwa pia hauifuti.

Muhula uliopita mwenzetu wa bwenini alizidiwa usiku, akawa hawezi hata kusema. Daktari akatuuliza: anatumia dawa gani? Ipo dawa inayomdhuru? Hatukujua. Majibu yalikuwa ndani ya simu yake, nayo imefungwa kwa namba ya siri. Mama yake alifika kesho yake kutoka kijijini na daftari la kliniki, limeandikwa wazi kwamba penisilini inamdhuru. Alhamdulillah, alikuwa hajapewa. Siku hizohizo wenzake wanne walikuja kuulizia pesa walizoweka kwake. Hakuna aliyejua ziko wapi wala ni kiasi gani. Mwenzetu amepona na amana zimerudi, lakini tujiulize: angefariki, nani angemtolea amana ile?

Basi tujiandae kwa mambo manne.

1. Daftari la matibabu. Hapa Uganda wengi tunatibiwa kwa daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kwanza andika jina lako, simu za ndugu wawili, kundi la damu, dawa unazotumia na kipimo chake, na dawa zinazokudhuru. Majibu ya vipimo na barua za rufaa ziweke pamoja katika mfuko wa plastiki zisilowe. Mwenzako wa chumbani ajue lilipo.

2. Deni, amana na wasia. Andika unayemdai, anayekudai na ulichowekewa, kwa kiasi na tarehe. Shuhudisha watu wawili waadilifu, kama inavyoelekeza aya ya 106 ya Suratul Maida. Deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Wasia usizidi theluthi ya mali, wala usiwe kwa mrithi.

3. Ibada. Andika siku za Ramadhani unazodaiwa, ili ukipona uzilipe. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidia: kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Swala haiondoki maadamu akili ipo. Asiyeweza kusimama huswali amekaa, asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu. Asiyeweza kutumia maji atayamamu, kwa hiyo weka udongo safi wenye vumbi katika kimfuko.

4. Mfuko wa hospitali. Katika hospitali nyingi za serikali, kumfulia na kumlisha mgonjwa ni kazi ya jamaa zake. Tayarisha shuka mbili, beseni, sabuni, kikombe, birika la kutawadhia, kandambili, nguo ya stara, chaja, kitambulisho na pesa kidogo.

Wapo wanaosema kuandika wasia ni kujiitia kifo. Ajali ya mtu iko kwa Allah, na kalamu haiisogezi mbele wala nyuma. Kalamu inamwokoa mama yako asihangaike na maswali asiyoyajua, na inamwokoa mwenye haki asiipoteze haki yake.

Ijumaa hii, baada ya swala, nunua daftari moja uanze na ukurasa wa kwanza. Allah awaponye wagonjwa wetu na atuwezeshe kutimiza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.