IFAHAMU KAUNTI YAKO: Obsidiani na Pumisi, Mawe Mawili ya Volkeno

Wakazi wa Naivasha, Gilgil na Eburru wanapochimba msingi wa nyumba au shimo la choo, huweza kukutana na mawe mawili yasiyofanana. Moja ni jeusi na linang'aa kama chupa iliyovunjika. Hilo ni obsidiani. La pili ni la kijivu, lina vitundu vingi na ni jepesi ajabu. Hilo ni pumisi, ambalo wengi hulijua kama jiwe la kusugulia miguu. Kuyatambua kunasaidia kulinda familia na turathi za Kaunti ya Nakuru.

Yalivyoundika

Yote mawili yalitokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Magma yenye silika nyingi hutiririka polepole kama uji mzito. Tofauti kubwa huletwa na gesi iliyomo.

Gesi ikishatoka kwa sehemu kubwa, lava hutiririka na kupoa upesi kabla ya fuwele kuundika. Hapo hupatikana obsidiani, ambayo ni kioo cha asili. Gesi ikibaki nyingi, magma hulipuka na kutoa povu, kama soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa. Povu hilo likiganda huwa pumisi.

Jaribio la nyumbani

Weka mawe yote mawili katika beseni la maji. Obsidiani itazama, lakini pumisi kavu itaelea kwa sababu ya hewa iliyo ndani ya vitundu vyake. Obsidiani ishikwe kwa uangalifu, kwani kingo zake hukata kama wembe.

Matumizi

Ukali huo ndio uliowavutia watu wa kale. Katika eneo la Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa obsidiani. Katika eneo la Olorgesailie, Kaunti ya Kajiado, watafiti walipata vifaa vya obsidiani vya takriban miaka 300,000 iliyopita, ilhali vyanzo vya jiwe hilo viko umbali wa kilomita 25 hadi 90. Pumisi nayo hutumika kutengeneza matofali mepesi na kuoteshea mimea.

Tahadhari kwa wakazi

• Tabaka la pumisi na majivu ya volkeno halijashikamana vyema. Kuta za shimo zinaweza kuporomoka, hasa wakati wa mvua. Mtu asiingie katika shimo refu ambalo kuta zake hazijaegemezwa.

• Maji yakipita katika tabaka hilo hubeba chembe zake na kuacha uwazi chini. Maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi, na ushauri wa mhandisi utafutwe kabla ya kujenga.

• Watoto wasicheze na vipande vya obsidiani. Vipande vilivyovunjika uani viokotwe kwa glavu.

• Atakayepata jiwe linaloonekana kuchongwa aliache mahali lilipo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kutoa taarifa. Jiwe likishahamishwa, wataalamu hupoteza ushahidi wa tabaka lilimokuwa, na tabaka hilo ndilo huwaonyesha umri wake.