Nani Hakufika Kliniki? Uchaguzi wa Programu ya Kanzidata

Utangulizi

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Mwanza kwa barabara iendayo Musoma hupita Buzuruga, kisha Igoma, na baada ya kilometa zipatazo 20 kutoka jijini huwasili Kisesa, katika wilaya ya Magu. Buzuruga kuna kituo cha afya, na Kisesa vilevile. Wakazi wa ukanda huo husafiri barabara hiyo kila siku kwa kazi, biashara na matibabu; hivyo mtu aweza kupimwa damu mahali pamoja na kutibiwa mahali pengine. Akikutwa na virusi vya UKIMWI, afya yake hutegemea kufika kliniki na kuanza dawa mapema. Kwa sababu hiyo haimtoshi mganga kujua wangapi wamefika. Hana budi kuuliza pia: kati ya waliopimwa, nani hakufika?

Swali hilo ni jepesi kulitamka, bali kulijibu ni kazi. Asiyefika kliniki haandikwi katika rejesta ya kliniki, na rejesta haiwezi kumtaja mtu isiyemjua. Makala haya yanaeleza jinsi swali la namna hiyo linavyopaswa kuongoza uchaguzi wa programu ya kompyuta ya kutunza na kuuliza kanzidata. Aghalabu watu huanza kwa kuuliza ni programu ipi iliyo bora. Utaratibu unaofaa ni kuanza na swali gumu kuliko yote ambayo data zitaulizwa, kisha kutafuta programu iwezayo kulijibu mahali pale itakapotumika.

Kanzidata na lugha yake

Kanzidata ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa kwa utaratibu maalumu ili ziweze kutafutwa, kulinganishwa na kurekebishwa. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mwanahisabati kutoka Uingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alipendekeza kwamba data zote zipangwe katika majedwali, na kwamba majedwali hayo yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake, mathalani namba ya mtu. Mtumiaji angesema anataka nini, na kompyuta ingejitafutia njia ya kukipata. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM pia, walitoa lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo baadaye iliitwa SQL. Lugha hiyo ilikubaliwa kuwa kipimo rasmi Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987. Hadi leo ndiyo inayotumiwa na programu nyingi za kanzidata.

Mfano wa hesabu

Chukuliwe mfano wa kubuni wenye majedwali mawili. La kwanza, liitwalo waliopimwa, lina namba za watu sita waliokutwa na virusi:

101, 102, 103, 104, 105, 106

La pili, liitwalo mahudhurio, lina mstari mmoja kwa kila siku ambayo mtu alifika kliniki:

102, 104, 102, 109, 106, 102

Karani akihesabu mistari atapata 6 na 6, akaripoti kwamba hakuna aliyepotea. Karani mwangalifu zaidi ataona kwamba namba 102 imerudiwa mara tatu. Atahesabu watu badala ya mistari, apate 4, kisha atoe 4 katika 6 na kuripoti kwamba wawili hawakufika. Naye pia atakuwa amekosea, kwa kuwa namba 109 hakupimwa hapo; alitoka kwingine. Jibu la kweli ni watu watatu: 101, 103 na 105. Kwa SQL jibu hilo hupatikana hivi:

SELECT namba FROM waliopimwa
EXCEPT
SELECT namba FROM mahudhurio;

Maana yake ni hii: chukua namba zote za jedwali la kwanza, ondoa kila namba iliyomo katika jedwali la pili, na usirudie namba yoyote. Mwanafunzi wa hisabati atatambua kwamba hii ni tofauti ya seti mbili, kama ifundishwavyo darasani.

Mfano huu unaonyesha pia mpaka wa ripoti za jumla. Vituo vya afya vya Tanzania hujaza vitabu vya MTUHA, na jumla za kila mwezi huingizwa katika mfumo wa DHIS2. Jumla hizo hufaa sana kwa kupanga bajeti, dawa na watumishi. Lakini jumla mbili, hata zikiwa sahihi kabisa, haziwezi kumtaja nani hakufika. Swali la mtu mmoja mmoja hudai data za mtu mmoja mmoja.

Funzo kutoka Kisesa

Swali hili lilijitokeza wazi Kisesa. Tangu mwaka 1994 kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kimekuwa kikifuatilia wakazi wa eneo hilo, kwa duru za kupita nyumba kwa nyumba na kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama, pamoja na duru za kupima virusi vya UKIMWI. Kila mkazi alipewa namba ya utafiti. Kituo cha afya nacho kilikuwa na namba zake za wagonjwa. Hivyo mtu mmoja aliishi katika rejesta mbili akiwa na namba mbili zisizojuana. Hapo amri ya EXCEPT ingetoa jibu la upuuzi: ingeonyesha kwamba hakuna hata mmoja aliyefika.

Kuunganisha kwa majina hakutoshi. Jina la Kisukuma laweza kuandikwa Mwandu na karani mmoja na Ng'wandu na mwingine. Mtu hutaja jina la ubatizo kliniki na jina la ukoo nyumbani. Mwaka wa kuzaliwa hukadiriwa. Mwaka 2015 watafiti wa NIMR, pamoja na wenzao wa London School of Hygiene and Tropical Medicine na wa kituo cha Agincourt, Afrika Kusini, walianza kutumia programu maalumu katika Kituo cha Afya Kisesa. Karani alikaa na mgonjwa aliyekubali, akamwuliza majina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, na hata jina la balozi wa nyumba kumi. Kompyuta ililinganisha majibu hayo na kanzidata ya wakazi, ikampa kila mkazi aliyekaribiana naye alama kwa njia ya uwezekano iliyoelezwa na Fellegi na Sunter mwaka 1969, kisha ikawapanga kwa alama hizo. Uamuzi wa mwisho ulifanywa na karani pamoja na mgonjwa mwenyewe, kwa kuthibitisha, mathalani, majina ya watu anaoishi nao.

Funzo ni kwamba hakuna programu, iwe ya bei kubwa namna gani, iwezayo kuunganisha majedwali yasiyo na kitu cha kuyaunganisha. Kabla ya kununua chochote, wahusika hawana budi kukubaliana juu ya namba moja ya utambulisho na namna ya kuitoa.

Vipimo vitano vya uchaguzi

Kipimo cha kwanza ni swali lenyewe. Excel ni programu nzuri ya kukokotoa na kuchora grafu, lakini haikuundwa kulinda uhusiano wa majedwali, na jedwali lake lina kikomo cha mistari 1,048,576. Faili za muundo wake wa zamani huishia kwenye mistari 65,536. Mwaka 2020 nchini Uingereza, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, taarifa za wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 ziliachwa nje ya hesabu kwa sababu ya kikomo cha faili za muundo huo, na watu waliokutana nao wakachelewa kufuatiliwa. Programu za kanzidata nazo hutofautiana. PostgreSQL na SQLite huijua amri ya EXCEPT. Microsoft Access haiijui, na mtumiaji hulazimika kupata jibu lilelile kwa kuunganisha majedwali na kuchagua mistari isiyo na mwenzake.

Kipimo cha pili ni idadi ya waandikaji. SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, huweka kanzidata yote katika faili moja na haihitaji seva; wengi waweza kusoma kwa pamoja, lakini mwandikaji ni mmoja kwa wakati mmoja. Yafaa kwa karani mmoja, au ndani ya simu. Penye dirisha la kupima, kliniki na duka la dawa, kila mahali na karani wake, programu za seva kama PostgreSQL, MySQL au MariaDB hufaa zaidi. Programu hizo humpa kila mtumiaji haki zake: mmoja asome tu, mwingine aandike, wa tatu asione kabisa safu ya majibu ya damu.

Kipimo cha tatu ni umeme na mtandao. Umeme ukikatika karani akiwa katikati ya kuandika, je, nusu ya taarifa itabaki na nusu kupotea? Programu nzuri huyashika mabadiliko yanayokwenda pamoja kama muamala mmoja: ama yote yaingie, ama yasiingie kabisa. SQLite na PostgreSQL hufanya hivyo. Kadhalika, mfumo unaotegemea seva iliyo mbali husimama mtandao ukisimama. Kwa hiyo iulizwe mapema kama kazi yaweza kuendelea wakati huo.

Kipimo cha nne ni mtunzaji. PostgreSQL, MariaDB na SQLite hupatikana bila kulipia leseni, lakini seva hudai mtu wa kuisimamia, kuchukua nakala rudufu na kuzijaribu. Nakala isiyowahi kujaribiwa kurejeshwa ni matumaini tu. Programu bora isiyo na mtunzaji ni duni kuliko programu ya wastani yenye mtunzaji. Mtunzaji huyo pia hubeba dhamana ya siri za watu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Faili la wagonjwa linalonakiliwa ovyo kwenye flashi limekwisha kutoka mikononi mwa mtunzaji wake.

Kipimo cha tano ni mlango wa kutokea. Programu huzeeka upesi kuliko data. Mfumo wa kufuatilia kaya uitwao HRS, uliobuniwa Navrongo, Ghana, katika miaka ya 1990, ulijengwa juu ya FoxPro, ukatumika pia Ifakara hapa Tanzania. Microsoft iliacha kabisa kuihudumia Visual FoxPro Januari 2015. Ifakara ilikwisha kuhamia mfumo wa OpenHDS, unaotunza data zake katika MySQL. Vivyo hivyo, DHIS ya kwanza ilijengwa kwa Access nchini Afrika Kusini katika miaka ya 1990, lakini DHIS2, iliyoanza kutumika India mwaka 2006 na kuenea Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010, hutumia PostgreSQL. Katika mifano yote miwili kilichookoa kazi ni kwamba data ziliweza kutolewa katika majedwali ya wazi na kuingizwa kwingine. Programu isiyoruhusu data kutoka katika umbo lisomekalo na programu nyingine ifikiriwe mara mbili.

Hitimisho

Vipimo hivi havitoi jibu moja kwa wote. Shule yenye maktaba ndogo na karani mmoja itatosheka na SQLite au Access. Kituo cha afya chenye makarani kadhaa, wagonjwa wanaohama na siri za kulindwa kinahitaji programu ya seva na mtu wa kuitunza. Kituo kisicho na mtu huyo kitafanya vyema kuanza na rejesta za karatasi zenye namba moja ya utambulisho, kuliko kununua seva itakayofunikwa vumbi. Katika kila hali, mpangilio ni uleule: swali, kisha majedwali, kisha namba ya kuyaunganisha, na mwisho programu. Mpangilio huo ukifuatwa, namba 101, 103 na 105 wataonekana wakati bado inawezekana kuwafuata nyumbani.

Mazoezi

1. Katika mfano wa hapo juu, geuza mpangilio wa majedwali mawili katika amri ya EXCEPT. Jibu litakuwa nini, nalo lina maana gani kwa mganga?

2. Katika SQL maneno huwekwa ndani ya alama za ritifaa, hivyo jina Ng'wandu huweza kuikata amri katikati. Programu nyingi hutaka alama iliyomo ndani ya jina irudiwe mara mbili: 'Ng''wandu'. Taja majina mengine matatu ya mahali pako yatakayoleta shida hiyo.

3. Panga majedwali ya maktaba ya shule yatakayoweza kujibu swali: ni wanafunzi gani hawajaazima kitabu hata kimoja muhula huu? Eleza kwa nini rejesta ya uazimaji peke yake haitoshi.

4. Chagua ofisi moja iliyo karibu na shule yako. Andika swali gumu kuliko yote ambalo data zake zapaswa kujibu, kisha uipendekezee programu kwa kufuata vipimo vitano.