Nyumba Chokocho, Nyumba Buguruni: Kodi Ipi ni Yako?

Ukiwa Chokocho, Mkoani, kisiwani Pemba, ukasikia redioni kwamba kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, uliza kwanza: wapi? Kodi ya majengo haimo katika mambo ya Muungano. Makato hayo yalianza Agosti 2021 Tanzania Bara, kupitia LUKU ya TANESCO. Umeme wa Pemba unauzwa na ZECO, kwa mfumo wa TUKUZA, na sheria ile ya LUKU haivuki bahari.

Lakini Wapemba wengi wana nyumba ng'ambo, Buguruni jijini Dar es Salaam au Tanga mjini, na huko sheria inawahusu kama wenyeji. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa za mijini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Mlipaji kisheria ni mwenye nyumba. Ikiwa mpangaji ndiye anayenunua umeme, ndiye anayekatwa, kwa hiyo patana naye mapema utamrejeshea vipi na lini, tena kwa maandishi. Na kama nyumba moja ina mita tatu, usinyamaze: nenda ofisi inayosimamia kodi hiyo waiache mita moja tu ikatwe.

Msamaha upo, na wengi wanaoustahiki hawaupati kwa sababu hawakuomba. Nyumba ya tope au ya makuti haitozwi. Mzee aliyetimiza miaka 60 husamehewa nyumba anayoishi mwenyewe, na vivyo hivyo mwenye ulemavu asiye na kipato. Tazama neno “anayoishi”: mzee anayekaa Chokocho huku nyumba yake ya Buguruni imepangishwa hana dai hapo. Anayestahiki aende ofisi inayosimamia kodi hiyo na kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa na namba ya mita, maana mashine haijui umri wa mtu.

Shida kubwa niionayo ni jina. Nyumba nyingi zimebaki kwa jina la marehemu, na mtoto mwenye miaka 65 anayeishi humo anashindwa kuonesha kuwa ni yake. Mirathi ifunguliwe kwanza mahakamani na igawanywe, mahakama itoe maandishi, ndipo mwombe msamaha.

Sasa tuje kwenye nyumba ya Pemba. Zanzibar kodi zake hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), iliyokuwa Bodi ya Mapato, na ada za usafi na leseni ni za Baraza la Mji Mkoani. Ukipangisha, kumbuka kwamba kodi ya mapato ni ya Muungano, hivyo pango lina hesabu yake Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Usichanganye milango hii. Akija mtu akidai kodi ya nyumba, mwombe karatasi yenye jina la sheria, kifungu, kiwango na namba ya malipo, kisha ulipe benki au kwa simu. Fedha taslimu mkononi mwa mtu usitoe, hata kama amefuatana na sheha. Na msamaha wa miaka 60 wa Bara usiudai Mkoani kana kwamba ni haki ya kila mahali. Uliza ZRA sheria ya Zanzibar inamsamehe nani, na ujibiwe kwa maandishi.

Jambo moja zaidi, kwa sababu limeumiza watu: risiti ya kodi haithibitishi umiliki. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mtu hupewa haki ya matumizi chini ya Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992. Mikarafuu inaweza kuwa ya mmoja na uwanja wa mwengine. Anayetaka hati aanze kwa sheha, aende na mashahidi wa mipaka wakingali hai, kisha ofisi ya Kamisheni ya Ardhi. Karatasi zote, za Bara na za Pemba, zipigwe picha na mtoto mmoja aliye mbali apewe nakala.