Waifai Imeshika, Tovuti Hazifunguki: Tafuta Njia Ilipokatika

Malalamiko ninayoletewa kuliko yote hayahusu kioo kilichopasuka wala kibodi iliyomwagiwa chai. Ni haya: "Kaka, waifai imeshika, mistari imejaa, lakini hakuna tovuti inayofunguka." Mwenye laptopu huwa ameshazima na kuwasha, ameshailaumu kampuni ya intaneti, na pengine kuna fundi aliyemwambia Windows ipigwe upya. Kupiga Windows upya kunakula nusu siku na kunahatarisha mafaili, na kwa tatizo hili ni nadra kuhitajika.

Ile mistari ya waifai hupima kitu kimoja tu: nguvu ya mawimbi kati ya laptopu na rauta. Yanayotokea baada ya rauta haiyajui. Ili tovuti ifunguke, laptopu lazima iifikie rauta, rauta ifike mtandao wa nje, jina la tovuti ligeuzwe kuwa namba, kisha kivinjari kiruhusiwe kupita. Mimi sigusi mpangilio wowote kabla sijajua kati ya hatua hizo nne ni ipi iliyokwama.

Kwanza, simu

Unganisha simu kwenye waifai ileile, halafu zima data ya laini. Usipoizima, simu ikigundua waifai haina intaneti inaweza kuhamia kwenye laini kimyakimya, nawe ukadhani waifai ni nzima.

Simu nayo ikikwama, iache laptopu, haina kosa. Angalia bando kwanza. Kama unatumia hotspoti ya simu, hakikisha si lile bando la mitandao ya kijamii pekee: WhatsApp itaendelea kupokea ujumbe huku tovuti zikigoma zote. Bando likiwa lipo, chomoa rauta kwenye umeme, subiri kama nusu dakika, uirudishe. Na wakati mwingine tatizo liko mbali kabisa na nyumba yako. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Siku kama hiyo hakuna fundi wa laptopu atakayekusaidia.

Hotelini au uwanja wa ndege kuna jambo la ziada: mtandao hukuzuia mpaka ukubali masharti au uingize namba ya chumba, na ukurasa huo wakati mwingine haujitokezi wenyewe. Andika neverssl.com kwenye kivinjari. Tovuti hiyo haitumii usimbaji, kwa hiyo mtandao unaweza kuikatiza na kukuletea ukurasa wa kuingilia.

Simu inafungua, laptopu haifungui

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye kidirisha cheusi andika:

ipconfig

Tafuta sehemu ya waifai, usome mistari miwili: IPv4 Address na Default Gateway. Anwani ikianza na 169.254, laptopu imejipa namba yenyewe baada ya kukosa jibu la rauta. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Ikigoma, ingia kwenye mipangilio ya waifai uone kama kuna mtu aliyeweka anwani kwa mkono. Irudishe kwenye Automatic.

Anwani ikiwa sawa, tuma salamu tatu, kutoka karibu kwenda mbali:

ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping bbc.com

Ya kwanza ni rauta. Badala ya namba hiyo weka uliyoiona kwenye Default Gateway. Ya pili ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Ya tatu ni jina. Rauta isipojibu, sogea karibu nayo, au iambie laptopu iisahau waifai hiyo kisha uunganishe upya. Rauta ikijibu na 8.8.8.8 ikakaa kimya, njia imekatika baada ya rauta. Tahadhari tu kwamba baadhi ya mitandao ya ofisi huzuia ping makusudi, hivyo kimya cha huko si ushahidi tosha.

Lakini namba ikijibu na jina likakataa, umeshampata mkosaji: DNS.

Majina yanapopotea

Kompyuta husafiri kwa namba. Majina tumewekewa sisi binadamu, na mfumo wa kuyageuza, DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kwenye Chrome, tatizo lake hujitokeza kwa maandishi kama DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN.

Anza na ipconfig /flushdns, inayofuta majibu ya zamani yaliyohifadhiwa. Isiposaidia, fungua Settings, Network & internet, ingia kwenye properties za waifai yako, tafuta DNS server assignment, chagua Manual, uweke 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Laptopu ikiwa ya ofisi, muulize kwanza mtu wa IT, kwa sababu ofisi nyingi zina majina ya ndani ambayo seva za nje haziyajui.

Kabla ya DNS, majina ya mtandao mzima yaliandikwa kwenye faili moja. Windows bado inalo faili la aina hiyo, linaitwa hosts, ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Kama tovuti chache tu ndizo zinazogoma, lifungue kwa Notepad. Virusi, na programu za wizi zinazokwepa leseni, hupenda kuandika humo.

Ping zote zinajibu, kivinjari kinagoma

Hapa ninaangalia mambo matatu. La kwanza ni proksi. Binti mmoja aliyetoka mafunzo kwa vitendo aliniletea laptopu iliyofanya kazi vizuri ofisini na kugoma nyumbani. Kivinjari kiliandika ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED: kilikuwa bado kinaitafuta seva ya ofisi. Ingia Settings, Network & internet, Proxy, uzime proksi iliyowekwa kwa mkono.

La pili ni VPN na antivairasi. Baadhi ya VPN hufunga njia yote zinapokatika, ili data yako isivuje. Zifunge kabisa, jaribu tovuti moja, kisha uwashe tena antivairasi.

La tatu ni saa. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Vya Let's Encrypt, kwa mfano, vimezoeleka kudumu siku 90. Laptopu ya zamani ambayo kibetri cha kutunza saa kimekufa inaweza kuamka ikiamini ni mwaka mwingine, na kila cheti kikaonekana batili. Rekebisha tarehe na ukanda wa saa. Ikirudia kila ukizima, badilisha kibetri.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Yote yakishindikana, fungua cmd kwa Run as administrator, andika netsh winsock reset, kisha netsh int ip reset, uwashe upya. Ninaziacha hadi mwisho kwa sababu zinasafisha mipangilio mingi kwa mkupuo: tatizo likiisha hutajua lilikuwa nini, na likirudi utaanza upya.

Ukilazimika kupiga simu huduma kwa wateja, usiseme "intaneti haifanyi kazi," maana utaambiwa uzime na kuwasha rauta. Sema: "Rauta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, na simu nayo imekwama." Aliye upande wa pili ataelewa kwamba nyumbani kwako umeshakagua, sasa zamu ni yake.